Mzigo wa Heulwen

Siku ya kwanza Heulwen alisema, mabegi yaacheni,
gari litayafikisha Beddgelert kabla yenu.
Nikabaki na chupa ya maji na chapati mbili,
shingo ikitafuta uzito wake wa zamani:
kilo ishirini za watu wengine, miaka kumi na mmoja,
Marangu hadi Kibo.

Kwenye mwinuko nikasema "pole pole", kwa mazoea.
Hakuna aliyegeuka.

Siku ya pili manyunyu,
hayanyeshi, hayaanuki.
Kijijini mama mmoja alitupa chai mlangoni,
akasemezana na Heulwen kwa lugha yao, chini chini,
kama wanaofichiana sukari.
Nikaijua sauti ile. Ndivyo tulivyosema Kichaga
wageni wakitupiga picha.
Simu yangu niliiacha mfukoni.

Siku ya tatu, kileleni, ukungu mtupu.
Wenzangu wakanung'unika, pesa zao, mandhari yao.
Mimi nilikuwa nimeona goti la Heulwen
likitetemeka nyuma ya jiwe.
Nikamwambia, lete kamba hiyo, lete na birika.
Akakataa.
Akatazama mteremko.
Akanipa.

Nilishuka nikipiga mluzi hadi barabarani.