Fito, Pau, Mazio

Tone la damu ya mtoto wa Bi Zaituna, wa Matondoni,
nimelitandaza juu ya kioo, nimelitia rangi,
nimeliinamia kwenye hadubini
kabla feni ya maabara haijakata pumzi pamoja na umeme.

Nilitarajia visahani.
Nimeona kokwa za tende.

Baba alikuwa fundi wa dari, Mkomani.
Mbwarahaji wa Madari, walimwita,
na kuhesabu alinifunza kwa mikoko:
fito, pau, mazio, boriti, nguzo,
kila unene na jina lake, kila jina na bei.
"Chumba hakipimwi na mwenye nyumba," akisema,
"hupimwa na mti. Mti ukikoma, ukuta huanza."
Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu, vyembamba,
na bibi harusi hulala pale boriti ilipokubali.

Wageni husifu chokaa, zidaka, nakshi.
Yeye hutema tambuu:
"Nyumba ni mti, mwanangu, si iwe."

Sikujua kwamba damu nayo ina dari.
Chini ya ngozi ya kila chembe
kuna wavu: spektrini ndizo pau,
ndefu, zinazopindika,
na vijiti vifupi vya aktini kwenye mafundo.
Msumari hakuna. Hata kamba ya usumba.
Vinashikana kwa kushikana tu.

Na chembe hupita vichochoro vyembamba kuliko yenyewe.
Unajua punda wa kokoto akikukuta kwenye ndia ya nyuma ya msikiti:
unajibana, unakuwa karatasi,
anapita, unarudi kuwa mtu.
Ndivyo hivyo, mara elfu na zaidi kwa siku.
Hii ya mtoto imejibana, imepita,
pau moja ikaachia fundo,
ikasahau kurudi.

Bi Zaituna yuko bencini.
Amekunja tikiti ya boti mpaka imekuwa ufito.
Nitamwambia si jambo la kulilia,
wengi huishi nalo wasijue,
daktari ataipapasa bandama.

Lakini nimechelewa kutoka,
kwa sababu kwenye kioo cha pili, ndani ya tone bichi,
chembe nyeupe inatambaa.
Inasimamisha fito mbele,
inang'oa za nyuma, zile zile, inazipeleka mbele:
nyumba inahama na wenyewe wamo.
Baba angefoka. "Nani huyo
anayebomoa dari watu wamelala?"

Jioni nitamweleza. Magoti hayampandishi ngazi tena,
kolajeni imechanika nyuzi
kama usumba uliokaa chumvini.
Atasikiliza amelala chali,
akihesabu boriti za chumba chake, kama kawaida,
hadi ile ya tano, iliyoshika umbo la mzigo
tangu mwaka aliozaliwa dada yangu
na haijaanguka.
Kisha ataniuliza swali moja, namjua:
"Upana wake dhiraa ngapi?"