Bakuli Lisilo na Kitako

Veneranda wa chumba namba tisa
alitoa mfupa kwenye mfuko wa kitenge,
mfupa wa plastiki, mpana kama sinia,
akauweka mapajani mwangu.
"Shika, Minza. Hiki ndicho unachokalia."

Nikacheka. Miaka arobaini na mitatu
nilidhani nakalia nyama.

Ni bakuli, ila halina kitako.
Mbele, kinenani, mifupa miwili imekaribiana
kama majirani walioachiana uchochoro;
nyuma, kabari ya pingili zilizogandana,
na chini yake kifandugu
kimejikunja, ndoano iliyosahauliwa majini.
"Uji hautakaa humu," nikasema.
"Hautakaa. Ndiyo maana kuna wavu."

Wavu!
Hapo tukaelewana. Mimi mtu wa Kabuhoro,
nimekulia kwenye nyavu za dagaa,
najua wavu uliovutwa usiku kucha
asubuhi huwa umesahau umbo lake.
Kumbe nami ninao, wa nyama,
umetandazwa toka kinenani hadi kifanduguni.
Ulibeba Kulwa, ukabeba Doto, kwa mpigo mmoja,
na hakuna aliyeuambia ahsante.
Ndiyo maana nikikohoa kanga hulowa.
Ndiyo maana, miaka sita, nakohoa nimefunga mlango.

Mama alinifundisha kujifunga kibwebwe.
Hakunifundisha kilicho chini ya fundo.

"Inama," akasema Veneranda, "kama unageuza dagaa."
Nikainama. Mgongo ukapinda kama ufito mbichi.
"Siyo hapo." Akagusa mkunjo wa paja,
pale upindo wa chupi unapopita.
"Hapa. Neno lenyewe unalo mdomoni siku zote:
ukinyonga baiskeli, unatumia nini?"
"Miguu."
Akaningoja.
"Nyonga," nikasema, polepole, kama mtoto wa chekechea.

Nikataka kumfurahisha. Nikamwambia basi nitasimama
kama mawe yetu pale ziwani,
jiwe juu ya jiwe, bila saruji, na hayatikisiki.
Akakataa. "Jiwe halipandi mlima na ndoo kichwani.
Jiwe halipumui.
Wewe vuta pumzi, wavu ushuke;
itoe, wavu upande. Usikaze tu.
Kinachokazwa siku nzima
huchoka sawa na kilichotelekezwa."

Sasa nikifika kwa watu wakaniambia kaa kitako,
nakaa kweli: nasogea kidogo, kushoto, kulia,
mpaka vile vifundo viwili vya mfupa viguse ubao.
Wifi anauliza kama benchi lina kunguni.

Jana nilikohoa mwaloni, mchana, mbele ya wanunuzi.
Tone moja. Labda nusu.
Alhamisi narudi chumba namba tisa.