Fundo la Mukembo

Mume wangu anauza mifuko.
Niseme mapema, nisije nikaonekana mtakatifu:
myeusi ya samaki, myeupe ya nyanya,
ile myembamba ya chumvi isiyo na mkono,
mia kwa fungu, mafungu kumi kwa gunia,
na gunia hulala chini ya kitanda chetu, hapa Walukuba,
likichakarika tukigeuka usiku
kama mtu wa tatu.
Karo ya Kagoya ilitoka humo.
Bati la jikoni lilitoka humo.
Siwezi kukitukana chungu ninachokula.

Lakini mvua za Machi zilipoanza, niliinama nyuma ya nyumba
nikitaka tuta moja tu la nakati,
na jembe likavuta utumbo.
Kaveera. Nikavuta. Kaveera nyingine.
Udongo huu wa Busoga, unaootesha hata mpini ukiusahau,
ulikuwa umeshonwa,
maji yamesimama juu yake kama mgeni asiyekaribishwa,
hayajui yaingie wapi.

Siku hiyo nilihesabu.
Maziwa: moja. Sukari: moja, ndani ya nyingine.
Makaa. Kitunguu kimoja — kimoja! — kimevishwa kama bwana arusi.
Chapati za Kagoya zikitoka jasho ndani ya yake.
Na chunguni, aibu yangu,
matoke yamefunikwa nailoni,
ilhali migomba ya jirani inapigapiga majani dirishani
kama watu wanaoulizia kazi.

Nilianza na kopo la samli, lile la mfuniko wa kubana.
Byamugisha wa maziwa akalitazama, akalinusa:
"Mama Kagoya, hili linakunywa lita na nusu.
Nikupimie kwa jicho au kwa imani?"
Foleni ikacheka. Nikacheka nao, uso unawaka.
Siku ya pili akapima kwa kikombe chake,
akachora mstari ndani ya kopo kwa msumari.
Siku ya tatu nililisahau kopo, nikarudi na kaveera.
Niandike na hiyo.

Kikapu cha mafunjo, zawadi ya harusi,
nilikishusha juu ya kabati, nikamwaga risiti za miaka.
Majani nilimwomba Naigaga; alinipa matano
na kicheko cha bure.
Kumi na mbili kwa siku zikawa nane. Zikawa tano.
Haziwi sifuri. Chumvi imenishinda.

Mukembo aliona. Muuza miavuli
humjua aliyeacha kulowa.
"Unanifungia duka ukiwa jikoni," alisema,
akala matoke, akanyamaza, akaongeza.
Harufu ya jani ilikuwa imefika hadi chini ya kitanda.

Ndipo nikamwekea mezani nilichochimba mwisho,
kidogo kama ngumi ya mtoto mchanga,
kimefungwa mdomo.
Akakigeuza mara mbili.
Kabla ya mifuko aliuza chumvi ya kupima,
na yeye hufunga kwa mkono wa kushoto, kitanzi,
kisha mkia wake anauuma;
soko zima la Jinja hakuna mwingine afungaye hivyo.
"Hili fundo ni langu," alisema
kwa sauti ya mtu aliyeitwa jina gizani.
Akalifungua kwa meno.
Chumvi. Bado nyeupe.
Tulihamia nyumba hii Kagoya akiwa tumboni;
sasa anavaa viatu vyangu.

Hakuacha kazi. Sitadanganya.
Asubuhi gunia lilipanda baiskeli kama jana,
fungu juu ya fungu, kamba ile ile,
ila kwenye usukani,
likigonga kengele kila shimo la barabara,
lilining'inia kopo la samli.