Jina la Baba

Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, Wundanyi,
mahali pa baba karani alichora kistari.
Kwenye kitambulisho cha huku, Al Hail,
pengo limejazwa: jina la kafili wangu,
majina manne, na ukoo.

Nyumbani kwake namwita Baba.
Ndivyo alivyotufunza wakala:
mwenye nyumba ni Baba, mkewe ni Mama.
Baba, chai. Baba, gari limefika.
Si mtu mbaya. Mshahara haupiti tarehe tano.
Ila pasi yangu hulala katika droo yake,
na ile picha ya familia, ya Idi,
niliipiga mimi.

Ijumaa, Ruwi. Kiyoyozi kinakohoa.
Wamalayali wametoka, sasa zamu yetu.
Mwashigadi, mhubiri leo, kesho fundi wa lifti,
anasema hatukuchukuliwa tuwe vijakazi:
tumeandikwa wana,
urithi wa Mzaliwa wa Kwanza ni wetu pia,
na hakuna wa kuja kufuta wino.
Semeni, Baba.

Wakasema wote.
Mimi neno likanikwama kooni;
nilisikia kengele ya sebuleni,
mikono ikatafuta sinia.

Nje, tukingoja teksi, akanitazama.
"Wakesho," akasema, "Huyu haombi chai."

Nilicheka mpaka Al Hail.

Usiku, vyombo vimekauka, mtoto Muhannad amelala,
nikajaribu tena, gizani, polepole,
kama mtu anayepima kiatu ambacho hajakilipia:

Baba.

Nikangoja.
Sikutumwa kitu.