Mara Tatu, Ongeza Kumi

Kapteni Rwezaura hakuwahi kununua daftari.
Aliniandikia nyuma ya risiti ya chipsi mayai,
mafuta yakipenya kwenye tarakimu:
kimo kwa maelfu, zidisha mara tatu,
ongeza kumi za kupoza mwendo.
Futi elfu thelathini na tano:
maili mia moja na tano, na kumi juu yake.
"Anzia hapo, Tumpe, Dar itakuja yenyewe.
Ukichelewa utaikimbiza
kama kuku aliyeponyoka asubuhi ya sikukuu."

Nusu ya mwendo, bandika sifuri mwishoni.
Mia moja arobaini, sabini, mia saba:
futi mia saba kila dakika,
ndivyo ngazi inavyoshukwa bila kutazama miguu.
"Mshahara usiufanyie hivi," alionya.
"Nusu itaondoka kweli,
na sifuri ndiyo itakayobaki."

Kila futi elfu, toa nyuzi mbili.
Kipawa inachemka thelathini na mbili,
wapakia mizigo wamening'iniza taulo shingoni;
ukifika elfu kumi, nje ni kumi na mbili,
Lushoto, mwezi wa saba, kabla ya chai.
Abiria wa dirishani hana habari.
Anahangaika na pakiti ya karanga.

Nyingine hazikuwa za angani hata kidogo.
Segerea hadi uwanjani, dakika ishirini na tano.
Mvua ikinyesha, mara tatu,
na badala ya kumi ongeza dua.
Mwenzako akinyamaza ghafla, muulize.
Kompyuta ikisema hivi na tumbo likasema vile,
usimwamini yeyote. Hesabu vidole.

Mwezi wa nne, saa mbili usiku, tunatoka Johannesburg.
Kiti cha kushoto sasa ni changu.
Waongozaji walituacha juu, juu, juu,
kuna mtu anapita chini yetu, subirini,
kisha: shukeni.
Maili thelathini. Futi elfu kumi na tatu.
Mara tatu, thelathini na tisa. Na kumi.
Nilidaiwa maili kumi na tisa
na upepo ulikuwa mgongoni, unasukuma.
Skrini ilichora mstari mzuri kweli.
"Tutawahi," akasema Nassor,
na sauti yake ikapanda kidogo mwishoni.

Nikainua breki za mabawa. Ndege ikatetemeka
kama bati lililolegea msumari.
Pugu ilikuwa giza na radi.
Maili tatu: tulipaswa kuwa futi mia tisa.
Tulikuwa elfu moja mia tano, na mwendo bado unawaka.
Taa za barabara zilikuwa pale, nyeupe, zimenyooka,
zinaita kama mlango wa kwenu.

Nassor alikuwa amenyamaza.
"Unaonaje?" nikamuuliza.
"Hapana," akasema.
"Basi tunapanda."

Injini zikanguruma, magurudumu yakarudi tumboni,
mabati ya Vingunguti yakapita chini yamelowa, yakimeta,
nyuma mtu akalia, mwingine akasonya.
Tukazunguka dakika kumi na sita.
Mara ya pili tulitua kawaida tu,
utuaji ambao hakuna anayeusimulia.
Mzee mmoja aliyekuwa akiunganisha kwenda Mwanza
aliniambia mlangoni kwamba nimemharibia safari.
Nilimpa pole. Alikuwa sahihi.

Simu ilikuwa na ujumbe, kutoka Segerea:
"Nimesikia mkipanda tena. Mlianza kushuka wapi?"
"Walituweka juu, Kapteni."
"Wao hawana magurudumu, Tumpe. Wewe unayo."
Halafu, baada ya kimya kirefu:
"Umekula?"

Nikaitoa ile risiti kwenye pochi.
Upande wa pili, wino umefifia:
chipsi mayai mbili, moja bila pilipili.
Ile bila pilipili ilikuwa yangu.
Hakuwahi kunidai.