Spoki Mbili za Akiba

Mwezi mzima nilimsumbua Anyosisye,
fundi wa nyuma ya soko la Mwanjelwa,
yule anayechomeka bisibisi sikioni pale wengine wanapoweka kalamu.
Nilikuwa na daftari. Nilikuwa na bei.
Nilitaka ile nyekundu, ya aluminiamu,
gia ishirini na saba, shokamzoba mbele,
nyepesi hata nikainyanyua kwa vidole viwili
na kujiona kijana.

"Unakwenda wapi nayo?"
Isyonje, nikasema. Kikondo. Kitulo juu kwa juu,
Makete, Njombe, Ludewa,
hadi Manda nikaoshe miguu ziwani.
Likizo yangu siku kumi na tisa.
Lami sitaki.

Hakucheka. Aliniuliza uzito wangu.
Mimi, karani wa mizani ya kahawa,
miaka ishirini na miwili napima magunia ya watu,
nikatazama chini kama mkulima aliyetia mawe.

Akaleta nyingine kutoka nyuma ya pazia:
mtumba wa Kijapani, rangi ya ugali wa ulezi,
chuma kitupu, gia saba basi,
uma wa mbele mgumu kama jibu la mama mkwe.
"Hii mbaya," nikasema.
"Mbaya," akakubali, akaipiga kwa ukucha, ikalia ngi.
"Chuma kikikatika Bulongwa,
anayechomelea matoroli atakiunga, utoe buku tano, uende.
Ile nyekundu ikikatika
itakupanda wewe, hadi Njombe."

Zikabaki tairi. Hapo ndipo tulipogombana.
Nilitaka kashata ndefu mbele na nyuma, meno ya trekta;
nilishaliota tope la Makete,
lile linalonata hadi gurudumu likasahau kuwa ni duara.
"Siku ngapi za tope? Siku ngapi za vumbi?"
Sikujua.
"Mwezi wa saba hakuna tope. Kuna baridi,
kuna vumbi la malori ya mbao,
na mifereji waliyoichimba wa viazi tangu masika
ikakauka hivyo hivyo.
Meno marefu yatakuimbia njia nzima huku yakikula miguu.
Chukua pana. Pana, si kali.
Mbele kashata ya wastani, ushike ardhi ukiteremka;
nyuma laini kiasi, maana nyuma ndiko unakolipa.
Na mwiba usiuogope. Kule kinachotoboa ni msumari."

Akajaza upepo, akaacha, akabonyeza kwa dole gumba.
"Usikaze kama ngoma. Kidole kizame kidogo.
Tairi gumu hulirusha kila jiwe hadi kwenye meno yako.
Lililolegea kiasi hulimeza, likapita."
Nikafungua daftari niandike, nikiona hapo pana jambo kuhusu ndoa yangu.
"Nazungumzia tairi," akasema.

Asubuhi ya kuondoka alifunga spoki mbili kwa utepe mweusi
chini ya bomba la fremu.
"Usipozitumia, zirudishe, nazinunua.
Ukizitumia, niambie wapi."

Nimerudi juzi. Kilo nne pungufu, pua imebabuka,
tairi la nyuma limeanza upara katikati.
Nikaweka spoki moja mezani pake.
Ya pili, nikamwambia, imo kwenye gurudumu,
upande wa cheni, alfajiri, kabla ya Kitulo,
barafu juu ya majani, vidole vimekufa ganzi,
mtoto wa mchunga ng'ombe akinishikia tochi
bila kuniuliza natoka wapi wala kwa nini.

Anyosisye akainama, akaipiga kwa ukucha.
Ikalia juu kuliko zile nyingine.
"Umeikaza mno," akasema,
akanyoosha mkono kutafuta ufunguo.