Bakuli Lisilo na Alama

Zimebaki siku nne Mwaka uingie
na jikoni kwangu nimepanga vyombo vya watu.
Vyangu navijua, kwa kutu na kwa mipasuko.
Hivi vilikuja kimoja kimoja, tangu siku ile
Pandu alipoteleza kileleni mwa mnazi
akaja chini na kuti mkononi.
Vilikuja vimefunikwa kawa, vimefunikwa sahani,
kimoja kimefunikwa daftari la skuli.

Kigeuze, utaona mwenyewe:
K ya rangi ya kucha, Bi Kazija.
Nukta tatu za rangi ya mlango, kwa kina Miza.
Sinia la Mwanakheri limechorwa kwa msumari,
jina lake zima na mwaka alioolewa.

Miezi mitano nimelipita rundo hili
kama mtu anayepita duka analodaiwa.
Leo nimekaa nalo, na majivu, na kumbi la nazi,
nasugua polepole, na kila chombo kinanikumbusha:
wewe ulikuja na ndizi za nazi, usiku tuliorudi hospitali;
wewe na uji wa pilipili manga, alipokataa vyote;
wewe na mchuzi wa pweza, kidogo, wa kuonja,
na najua siku hiyo kwako mlikuwa watu saba.

Pandu yupo kwenye kigoda, mgongo umenyooka kiasi.
Mimi nasuuza, yeye anafuta.
Nikaitazama mikono yake ikizunguka sinia,
ikizunguka,
mpaka akauliza, "Una nini?"
Nikasema moshi.
Na moto sijauwasha.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Hilo nililijua kabla sijajua kufunga kanga.
Nimeuza magunia mawili ya mwani (bei usiniulize),
nikaloweka mchele, nikakuna nazi,
nikamimina mikate mpaka mkono ukafa ganzi.
Kisha nikatoka, beseni kichwani,
Kajengwa mpaka Nganani, hodi baada ya hodi.
Njiani vijana wanakata migomba ya kupigania,
wanachekana nani ataanza kukimbia.

Bi Kazija hata hakufunua.
"Kumbe lilikuwa kwako! Na mimi nimemnunia mkwe wangu mwezi mzima!"
Miza akalia kidogo, akanipa ndimu,
na ndimu nikazitia kwenye bakuli lililobaki.

Lilibaki moja.
La bati, jeupe, ukingo wa buluu,
chini halina herufi, halina hata mkwaruzo.
Nimeuliza nyumba kumi na moja: si langu, si langu.
Nikarudi nalo nyumbani magharibi.

Pandu akalitazama, akatazama ukuta.
"La Mwatima," akasema.
"Kila Ijumaa, ukiwa pwani.
Alinikataza nisikwambie."

Mwatima.
Ambaye tangu mwaka juzi, kwa vigingi vya mwani,
tunapishana majini kila mtu akitazama miguu yake.
Kila Ijumaa. Nilizihesabu kwa vidole vya Pandu,
vyangu havikutosha.

Usiku nilitafuta cha kutia.
Mkate? Alikuwa na haki ya mkate wa kwanza.
Mayai sita? Kama ninamlipa.
Kanga mpya? Kama ninamnyamazisha.
Kila nilichokitia kilikaa vibaya, nikakitoa,
mpaka bakuli likabaki na harufu ya ndimu tu.

Siku ya Mwaka, kabla watu hawajakwenda kiwanjani,
kabla ya wanaume na migomba yao,
nilisimama mlangoni kwake.
Akaliona bakuli. Akachungulia ndani.
"Tupu?"
"Tupu," nikasema. "Na mimi sijala.
Nyumba isiyo na mgeni leo, si vizuri."

Hakucheka. Hakunikaribisha.
Aliniondolea bakuli mkononi, akaingia nalo,
na mlango
akauacha wazi.